Kabureta Inayofurika

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya ugonjwa mmoja wa trekta za zamani, nao ni kabureta kufurika petroli.

Njia ya misafara itokayo Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Tabora, na magharibi ya Tabora iko Urambo, nchi aliyoitawala Mtemi Mirambo hata akafa mwaka 1884. Siku zile mizigo ilichukuliwa mabegani. Ulipokuja mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947, Urambo ikawa mojawapo ya mahali patatu palipochaguliwa, pamoja na Kongwa na Nachingwea, na trekta zikaingia. Mpango uliachwa mwaka 1951. Trekta kubwa za minyororo zilitumia dizeli, nazo hazina kabureta; sisi twasema habari za zile ndogo za magurudumu, ziwashwazo kwa petroli.

Ndani ya kabureta mna kikombe, na katika kikombe mna boya la shaba lililo tupu ndani. Petroli ikijaa, boya huelea na kuisukuma sindano izibe tundu liletalo mafuta. Sindano isipoziba, petroli hudondoka chini, injini hutoa moshi mweusi, nayo hukataa kuwaka. Mafundi wengi hapo hukimbilia plagi. Sisi wenyewe tulipata kupoteza siku nzima ya Novemba hivyo, mvua ya kwanza imekwisha kunyesha na shamba halijalimwa, kumbe kosa lilikuwa chembe moja ya kutu chini ya sindano.

Basi kwanza twafunga bilula ya tangi, wala hatuwashi kiberiti karibu, maana petroli ikidondokea bomba la moshi lenye moto trekta yote huungua. Kisha twagonga kikombe polepole kwa mpini wa mti. Mara nyingine chembe huondoka. Isipofaa, twafungua kikombe, twaosha sindano na tundu lake, na kichujio cha tangi pia, kwani uchafu mwingi hutoka huko. Sindano iliyolika hata ikafanya alama ya pete haina dawa ila kubadilishwa.

Boya nalo twalitikisa sikioni. Likilia maji ndani, limetoboka. Tukilitia katika maji ya moto, mbali na jiko, mapovu yatatuonyesha tundu. Petroli iliyomo lazima itoke yote na boya likauke kabisa kabla ya kulehemu, la sivyo litalipuka mkononi. Lehemu iwe kidogo sana, kwa kuwa boya likiwa zito huchelewa kupanda, na mafuriko hurudi.

Kama bilula iliachwa wazi usiku, tunuse mafuta ya injini. Yakinuka petroli, tuyamwage na kutia mengine, kwani mafuta mepesi hula vyuma.

Mwisho twafungua bilula, twangoja dakika tano, twapitisha kidole chini ya kabureta. Kikitoka kikavu, twazungusha hendeli.