Kila Taka ya Mionzi na Ndoo Yake

Utafiti wa magonjwa umekuwapo hapa kwetu Ifakara, katika bonde la Kilombero, tangu miaka ya 1950, na vijana wetu wengi wanasomea kazi za maabara. Leo nazungumza nao, pamoja na wanaofanya usafi humo, kuhusu taka zenye mionzi.

Maabara za malaria duniani zimetumia tritiamu, yaani haidrojeni yenye mionzi, kupima kama dawa inazuia vimelea kukua. Kazi za vinasaba nazo zimetumia fosforasi-32. Kazi ikiisha, mezani hubaki glavu, karatasi za kufutia na ncha za pipeti. Kwa macho huwezi kujua zipi zina tritiamu na zipi zina fosforasi-32. Lakini mionzi ya fosforasi-32 hupungua nusu kila siku 14 hivi. Ya tritiamu huchukua miaka 12. Ifungie fosforasi stoo miezi mitano, itabaki takriban sehemu moja kwa elfu. Ukitupia kwenye ndoo yake glavu moja yenye tritiamu, ndoo nzima itaisubiri hiyo glavu kwa miaka na miaka. Tena kipima mionzi cha Geiger hakiioni tritiamu, mionzi yake ni dhaifu mno. Kwa hiyo tenganisha palepale mezani, na kibandiko kiandikwe jina la dutu, kiasi na tarehe. Sindano ziwe na chombo chake kigumu. Vimiminika visikutane na vikavu.

Wapo wanaouliza, kwa nini tusichome? Moto huua vijidudu, mionzi hauigusi; itatoka na moshi au ibaki kwenye majivu. Kuzika je? Sisi tunaoujua mto Lumemo unavyofurika tusidanganyane: shimo la kiangazi hujaa maji masika. Taka za muda mrefu ni za kukabidhiwa Tume ya Nguvu za Atomiki, iliyopewa kazi hiyo na sheria ya mwaka 2003.

Zile ambazo mionzi yake imekwisha kupungua stoo hupimwa kwanza, kisha alama ya mionzi, ile ya mabawa matatu kwenye rangi ya njano, hufutwa kabisa kabla ya kutoka nje. Msiidharau hatua hii, jamani. Watoto wanaookota makopo jalalani wakiizoea alama hiyo kwenye makopo yasiyo na kitu, siku wakiikuta kwenye chombo chenye hatari watakifungua.