Tikiti Yasema Mombasa

(MLIO WA TRENI IKIFUNGA BREKI. ABIRIA. MAKANGA: "Posta, Posta! Mzee, twende!")

MTANGAZAJI: Saa mbili usiku imepita kidogo, na treni ya Madaraka Express iliyotoka Nairobi saa tisa alasiri imetufikisha. Tikiti yangu yasema Mombasa. Lakini nikitoka nje siioni bahari, wala zile pembe za Mapembeni mjini. Niko Miritini, huku bara, na katikati ya mji, kule kisiwani, ni zaidi ya kilomita kumi mbele.

Kiti cha kando yangu alikaa mama mmoja wa mtaa wa Majengo. Tulipokuwa tukishusha mizigo akaniambia, "Mwanangu, kutoka hapa hadi nyumbani kwanichosha kuliko kutoka Nairobi." Ana furushi, mjukuu amelala begani, na matatu ya kwanza imeshajaa.

Utauliza kwa nini treni isisonge tu hadi mjini. Jibu liko chini ya magurudumu. Reli ya zamani, iliyoanza kulazwa hapa Mombasa mwaka 1896, ina upana wa mita moja. Hii ya kisasa, iliyozinduliwa Mei 31, 2017, ni milimita 1,435. Behewa la Madaraka haliwezi kukanyaga njia ile. Basi abiria ndiye abadilishe treni, na hiyo ndiyo kazi ya mradi wa reli ya abiria wa Mombasa: kipande kipya cha reli ya upana wa mita moja kuunganisha Miritini na njia ya zamani, stesheni ndogo jirani ya ile kubwa, daraja la miguu la kuwapitisha watu juu kwa juu baina ya stesheni mbili, na ukarabati wa njia inayopita Changamwe hadi stesheni ya mjini, mwisho wa Barabara ya Haile Selassie.

(MATATU IKIONDOKA.)

Nimepanda inayofuata, pamoja na mama yule. Magongo, msongamano. Changamwe, malori ya makontena yamepanga foleni, dereva kazima injini. Tazameni pamoja nami mteremko wa Kibarani, maana hapa Makupa ndipo pagumu.

Tuta la Makupa lilijengwa mwaka 1929. Liliivusha reli na barabara, lakini likayaziba maji kati ya hori ya Tudor na Port Reitz. Kwa miaka zaidi ya 90 bahari haikupata njia. Mwaka 2022 likafunguliwa daraja la barabara la mita 457, na maji yakaanza kupwa na kujaa kama zamani. Ndiyo maana mradi wa reli nao umetengewa daraja lake hapa. Treni ipite juu, na maji na samaki wapite chini. Kwangu mimi nguzo za daraja hilo zina maana kuliko jengo lolote la Miritini, hata kwa uzuri wa ule mnara wake.

Wenzetu wa Dar es Salaam waliona mapema kwamba treni ifike mjini. Treni yao ya umeme, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, hutokea katikati ya mji na kupita juu ya barabara, magari yakiendelea na shughuli zake chini.

Na treni hii ya Mombasa isiwe ya watalii peke yao. Anayeihitaji zaidi ni kijana wa zamu ya alfajiri anayetoka Miritini kwenda bandarini, nauli yake ikipanda kila mvua inyeshapo. Ratiba ipangwe kwa saa zake. Watu wa Kisauni na Likoni reli hii haiwagusi; wao wana Daraja la Nyali na feri.

(MATATU INASIMAMA. MLANGO.)

Mwembe Tayari. Saa tatu unusu. Yule mama wa Majengo ateremka, namshikia furushi, mjukuu bado amelala.

Wiki ijayo tutavuka Likoni kwa feri. Usiku mwema.

(MUZIKI.)