Mundu Ndani ya Damu



Mwili umejengwa kwa seli, kama nyumba kwa matofali. Seli nyekundu za damu zina protini iitwayo himoglobini, ndiyo inayobeba oksijeni. Mnyororo wake mmoja una amino asidi 146. Ya sita tu ikiwa siyo, basi oksijeni ikipungua seli hujikunja kama mundu, hukwama kwenye mishipa midogo, na mtoto analia kwa maumivu ya mifupa. Huo ni ugonjwa wa selimundu. Si shetani, wala si hasidi.

Kwa nini uko sana kwetu pwani? Mwaka 1954, Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kuwa aliyerithi kasoro hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga kiasi dhidi ya malaria. Mtu huyo ni mzima, hata hajijui. Lakini wawili kama hao wakioana, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuzaliwa mtoto mgonjwa.

Basi jamani, kabla ya ndoa pimeni damu. Kipimo hakivunji uchumba. Kinawafanya mjue mapema, na mtoto atibiwe mapema.