Usimpige Paka Anayechafua Ndani

Leo naomba tumzungumzie paka. Ni yule wa nyumbani kwako hapo Usoke, anayeshinda amelala juu ya magunia ya karanga na kukesha akilinda mahindi. Paka ana adabu yake ya choo. Hutoka nje, huchimba kijishimo kwenye udongo laini, hujisaidia, hufukia, hunusa kuhakikisha, ndipo huondoka. Kwa hiyo siku utakapokuta uharo katikati ya chumba, au kwenye majivu ya jikoni, au, Mungu apishie mbali, juu ya kitanda, ujue kuna kitu kimeharibika. Wengi wetu siku hiyo tunachukua ufagio.

Nimeuona ufagio huo ukifanya kazi. Nimeliona na gunia: paka anatiwa ndani, mdomo wa gunia unafungwa kamba, kijana anaambiwa akamtupe ng'ambo ya reli. Na nimeyasikia maneno yanayolisindikiza gunia hilo, kwamba huyu paka ametumwa, si bure. Nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na inamtaka anayefuga mnyama amkinge na njaa, maumivu na maradhi. Waliosoma madrasa hapa Tabora wanakijua kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula. Sheria tunayo na mafundisho tunayo. Tunachokosa ni kuamini kwamba paka naye huumwa tumbo kama ng'ombe, na kwamba anayeumwa hutibiwa.

Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, ana paka dume mwenye mabaka. Paka huyo alianza kuhara, akapona, akahara tena. Leo choo kigumu, kesho maji matupu, keshokutwa anatapika nyasi. Akaacha kwenda nje, akawa anajisaidia nyuma ya mtungi. Mama hakulala usingizi. Bwana mifugo alipopita na pikipiki yake akitokea kuchanja ng'ombe, akamsimamisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa wangu ni huyu. Usinicheke."

"Sikucheki, mama. Anakula nini?"

"Tunachokula sisi. Ugali, na dagaa wakiwepo. Asubuhi nampa maziwa, hayo anayapenda mno."

"Na choo chenyewe nitakiona wapi?"

Mama akamwonyesha. Kijana akachuchumaa, akakipekua kinyesi kwa kijiti bila haraka. Kisha akainua mkia wa paka, akaparura manyoya kwa ukucha. Vikadondoka vipande vyeupe vilivyokauka, mithili ya punje za mchele. Minyoo tegu. Paka huipata kwa kumeza kiroboto anapojilamba, au kwa kula panya mwenye vijidudu vyake. Akaomba mizani ya kupimia karanga, paka akatiwa ndani ya kikapu, akapimwa. Dawa ya minyoo huenda kwa uzito, na ile ya mbuzi haimfai paka kwa kukadiria kwa jicho.

Nilipenda alichofanya baadaye. Hakujidai kwamba amemaliza. Alisema minyoo ipo, lakini huenda si minyoo peke yake. Akamtaka mama aache maziwa, asibadilishe kitu kingine chochote, na kila siku aandike kwenye daftari: choo kilikuwaje, wapi, alikula nini, alitapika au la. Ukibadilisha mambo matatu kwa mpigo, paka akipona hujui kilichomponya, na akizidiwa hujui kilichomzidishia.

Hayo maziwa tumeyarithi tu, kwamba paka na maziwa ni ndugu. Paka akishakua, utumbo wake hupungukiwa uwezo wa kuvunja sukari iliyomo kwenye maziwa, na wengi huharishwa nayo. Dagaa wa Kigoma, wanaotufikia kwa reli hii iliyofika kwao mwaka 1914, ni chakula chema kwake kuliko ugali. Mbwa anaweza kuishi kwa makombo. Paka lazima apate nyama au samaki. Kuna kitu kiitwacho taurini, kimo kwenye nyama na samaki, na mahindi hayana. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California huko Davis, Marekani, walionyesha kwamba paka akikikosa moyo wake hutanuka na kushindwa kazi. Ilikuwa imekwisha kujulikana kwamba macho nayo huharibika. Kwa hiyo anayemshindilia paka wake ugali mkavu afikirie upya.

Sasa niseme jambo linalotuhusu sisi wa nchi ya tumbaku. Paka hujilamba mwili mzima kila siku. Chochote kinachogusa manyoya yake au nyayo zake kitaishia tumboni. Bomba la kupulizia dawa limeegeshwa ukutani linadondoka, chupa ya dawa imetupwa uani, paka anapita, anakanyaga, anakwenda kukaa juani na kujilamba. Jioni anatapika na kutokwa mate, nasi tunashangaa. Dawa za kuua kupe na viroboto walizotengenezewa ng'ombe na mbwa, hasa zenye permethrini, zinaweza kumtetemesha paka mpaka afe. Sumu ya panya nayo ina mitego yake. Zipo aina zinazozuia damu kuganda; panya akizila hafi papo hapo, huzubaa siku kadhaa, akawa windo jepesi, na paka humla pamoja na sumu yake.

Na tafadhali, tafadhali sana, msimpe paka parasetamo. Najua mnampa kwa huruma. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo, na kidonge kimoja cha miligramu 500 chaweza kumuua paka mzima. Ufizi hugeuka rangi ya kahawia, uso huvimba, pumzi humwishia.

Kuna nyumba zinazosemwa hazikai paka. Analetwa mtoto wa paka, wiki haijapita anatapika, anahara damu, anakufa. Analetwa wa pili, vilevile. Hapo ndipo mganga anapotafutwa. Lakini vipo virusi vinavyoshambulia utumbo wa paka na kumaliza chembe nyeupe za damu yake, na virusi hivyo huweza kukaa sakafuni, kwenye tambara la kulalia na kwenye sahani hadi mwaka mzima vikisubiri. Sabuni ya kawaida haiviui. Klorini ya kufulia nguo nyeupe, sehemu moja kwa maji sehemu 30, inaviua, ukishasugua uchafu kwanza. Chanjo ipo, ingawa kuipata huku kwetu kunataka kuagiza. Mwenye nyumba ya namna hiyo achome tambara, asafishe sakafu, na asilete paka mchanga mwingine kabla hajauliza kuhusu chanjo hiyo.

Dume akiingia na kutoka, akachuchumaa kila baada ya dakika chache, analia, anakamua na hakitoki kitu, watu husema amefunga choo. Mtazameni vizuri. Mara nyingi ni mkojo uliozibwa, na huyo hangojewi keshokutwa. Ndani ya siku moja au mbili sumu ya mkojo hujaa kwenye damu, akafa. Paka mwenye maumivu ya namna hii, au ya tumbo, hupahusisha mahali pa choo na maumivu yenyewe, akapahama. Ndiyo sababu yule wa jirani yangu alihamia nyuma ya mtungi. Fimbo ingemwongezea hofu na kumtafutia kona nyingine ya kujificha.

Mama alimtengenezea karai la mchanga, akaliweka palepale nyuma ya mtungi, na siku hizi za masika limesaidia sana. Zamani hata Ulaya na Marekani walitumia majivu na mchanga, mpaka mwaka 1947 alipotokea Edward Lowe wa Michigan akaanza kuuza udongo mkavu wa mfinyanzi kwa kazi hiyo. Sisi tunao mchanga, na mafundi seremala wanatupa unga wa mbao bure. Majivu yanachubua nyayo yakilowa, afadhali yaachwe. Kinyesi kitolewe kila siku, na asiwe mama mjamzito anayekitoa. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na mayai ya kimelea kinachodhuru mimba, na mayai hayo huchukua siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza. Kukitoa mapema na kunawa kwa sabuni ni kinga kubwa. Mchicha wa bustani ambayo paka huitumia uoshwe vizuri.

Paka yule hajapona kabisa. Daftari linaonyesha majuma mazuri, kisha siku mbaya ambazo hazina maelezo. Mama amezizoea. Siku hizo anampa maji safi na samaki kidogo wa kuchemsha bila chumvi, anamfinya ngozi ya mabegani aone kama inarudi haraka, maana ikibaki imesimama mwili umepoteza maji, na akisusa chakula kwa siku mbili anampigia simu bwana mifugo. Huo ndio uangalizi, hata pale ambapo sababu haijapatikana. Namheshimu mama huyo kuliko wanaocheka.

Ombi langu ni kwa Halmashauri ya Wilaya ya Urambo. Siku za chanjo ya kichaa cha mbwa, tangazeni wazi kwamba paka nao waletwe, maana nao huugua kichaa na kukiambukiza. Na paka akibadilika ghafla, akawa mkali na kung'ata, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mtu akimbizwe hospitali. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una kituo Tabora mjini. Wekeni utaratibu ili sampuli ya choo cha paka kutoka Usoke au Urambo mjini ifike pale kama inavyofika ya ng'ombe.

Nawe mwenye paka, usingoje utaratibu huo. Kinyesi kibichi, kiasi cha kijiko cha chai, kwenye kikopo safi chenye mfuniko, kifike kwa bwana mifugo siku hiyohiyo kabla jua halijakikausha. Weka na karatasi: anakula nini, tangu lini anaumwa, umempa dawa gani, nyumba inatumia sumu gani ya panya. Andika pia kama ni dume au jike.