Kuwahi Kumtibu Kijana Aliyeugua Akili



Mtoto akishikwa na malaria, hapana mzazi angojaye mwezi mzima kumpeleka kwa daktari. Lakini kijana wa miaka 19 akiacha kulala, akajitenga na wenzake, akasikia sauti asizozisikia mtu mwingine, akadhani mamaye amemtilia sumu chakulani, hapo nyumba hunyamaza. Husemwa ni jini, au jicho la hasidi, au ukaidi tu. Ndugu huficha kwa kuchelea posa za dada zake, na siku avunjapo mlango ndipo hutafutwa kamba.

Kunyamaza huko kuna madhara makubwa. Maradhi haya mara nyingi huanza kati ya miaka 15 na 30, wakati wa masomo na wa kuoa. Madaktari wa nchi nyingi wameona ya kuwa kadiri yakaavyo pasipo dawa, ndivyo kupona kuwavyo kugumu.

Zamani palikuwa na udhuru. Kabla ya Butabika kufunguliwa mwaka 1955, wagonjwa wengine wa Uganda waliwekwa hata katika gereza la Hoima. Na klopromazini, dawa ya kwanza iliyofaa kweli, ilianza kutumiwa Ufaransa mwaka 1952. Leo Butabika i mbali, zaidi ya kilomita 300, lakini safari haianzii huko. Yaanzia hospitali ya Bwera, au zahanati iliyo karibu. Huko na apimwe kwanza malaria na maradhi mengine yavurugayo akili, kisha ikibidi apelekwe Fort Portal. Malipo katika hospitali za serikali yalifutwa mwaka 2001, ijapokuwa nauli hubaki juu ya wazazi.

Dawa hutaka majuma, si siku moja. Ikimkaza viungo au kumlaza mno, daktari aambiwe, isitupwe. Akipata nafuu asiiache kwa shauri lake, maana wengi hurejewa hivyo. Bangi aiepuke kabisa.

Ama dua, na isomwe. Haigombani na dawa. Hospitali aliyoijenga Ibn Tulun huko Misri katika karne ya 9 ilipokea wagonjwa wa akili, na waliowauguza walikuwa watu wa sala. Basi sheikh aletewaye kijana wa namna hii amsomee, kisha amwambie babaye wamfikishe hospitali siku ile ile, na jirani mmoja afuatane nao.