Moshi wa Nyuma ya Nyumba

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kamati iliniagiza ninene juu ya wajibu wa mtu mmoja mmoja katika kuzuia uchafuzi wa hewa na maji, na jinsi jambo hilo linavyohusiana na kubadilika kwa tabia ya nchi. Mimi ni karani, si mtaalamu wa mambo ya anga. Niliyo nayo nimeyapata kwa kusoma, na mengine kwa kosa langu mwenyewe; afadhali nianze na hilo kosa.

Kwa muda wa miaka minne hivi nilikuwa na desturi ya kuchoma takataka nyuma ya nyumba kila Jumamosi jioni. Gari la kuzoa taka lilikuja juma moja na kukosa matatu, nami nikajiona mtu safi kuliko jirani zangu waliotupa mtoni. Nilichoma karatasi, chupa za plastiki, beseni zilizopasuka, hata ndara zilizokatika. Kisha mtoto wetu wa pili akaanza kukohoa usiku. Daktari aliyemtazama hakuuliza habari za chakula wala za blanketi. Aliuliza, "Nyumbani kwenu mnachoma nini?" Mke wangu akanigeukia, asiseme neno. Sidai kwamba moto wangu peke yake ndio uliomwumiza, maana hewa ya mtaa wetu ina mengi; lakini tangu siku ile sijauwasha tena.

Nalidhani ya kuwa moshi ukishapita paa umekwisha. Sivyo. Plastiki hutengenezwa hasa kwa mafuta ya ardhini na gesi yake, kwa hiyo anayeichoma anachoma mafuta na kuongeza sumu juu yake. Masizi meusi hunywa joto la jua yakiwa hewani, na hewa ya ukaa itokayo motoni hupanda, na sehemu yake hukaa angani kwa mamia ya miaka, ikiizuia dunia isipoe, kama mtu aliyefunikwa mablanketi mengi mno. Basi moshi unaomkohoza mtoto na moshi unaoongeza joto la dunia ni mmoja. Mtoto huuvuta kwanza, kisha anga huupokea.

Lakini wazee wangu, nisiwaache mkidhani kwamba moto ndio ubaya peke yake. Zaidi ya nusu ya takataka za Nairobi ni vitu vya kuoza: maganda, mabaki ya ugali, majani ya sukuma wiki. Vikirundikwa pamoja na plastiki, vikafunikwa visipate hewa, huoza vibaya na kutoa gesi iitwayo methani. Wengi wenu mwalijua jaa la Dandora. Lilifunguliwa katika miaka ya sabini, likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na malori yakazidi kwenda miaka na miaka baadaye. Katika muda wa miaka 20, methani huongeza joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ya ukaa ya uzito ule ule. Hata hivyo haidumu. Huisha angani kwa miaka kama 12. Jambo hili lilinipa moyo kuliko yote niliyoyasoma. Tukipunguza gesi hiyo leo, wazee waliomo humu waweza kuwa hai faida yake ikionekana.

Nilipokuwa nikitayarisha maneno haya, mzee mmoja aliniambia, "Kijana, viwanda vya Ulaya na Marekani ndivyo vilivyochafua anga. Mbona hesabu mnatuletea sisi?" Swali lake ni la haki, wala sitalizunguka. Sehemu ya Kenya katika gesi zinazoongeza joto la dunia ni ndogo sana. Deni kubwa si letu, na yafaa Serikali yetu iendelee kuwadai wenye deni bila haya. Nami nikizima moto wangu wa Jumamosi, hakuna kipimajoto chochote duniani kitakachotambua. Mtu akikuambia vingine, anakupamba.

Ila nilimwonyesha mzee yule mfereji wa mtaani. Hewa ikiongezeka joto kwa digrii moja, huweza kubeba mvuke zaidi kwa kadiri ya asilimia 7. Ndiyo sababu mvua kubwa, zikija, huwa nzito kuliko zamani. Hiyo hatukuitaka sisi. Lakini mvua ikifika mfereji uliozibwa na chupa na matambara, hugeuka kuwa mafuriko, na chupa zile tumetupa sisi. Mnakumbuka mvua za mwaka 2024, jinsi maji yalivyoingia nyumba za Mathare usiku, na nchini kote wakafa watu zaidi ya 200. Pale mferejini kosa la wakubwa wa dunia na kosa letu hukutana, na anayelipia ni mama wa chumba kimoja. Na kisichoziba mfereji husafiri: kutoka Mto Nairobi huingia Athi, na Athi mbele huitwa Galana, kisha Sabaki, hata baharini karibu na Malindi, ambako wavuvi hawakutuagiza chochote.

Wengine husema desturi ya watu haibadiliki. Mwaka 2017, mwezi wa Agosti, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku, kwa faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Tulinung'unika sana, mimi wa kwanza. Leo mtu huenda sokoni na kikapu chake wala hakumbuki kwamba alinung'unika. Sheria nyingine ya mwaka 2022 yaagiza takataka zinazooza zitengwe na zisizooza. Hiyo bado hatujaishika. Nyumbani kwangu tuna madebe mawili tu. La maganda huchukuliwa na jirani mwenye kibustani, naye huyageuza kwa jembe yapate hewa mpaka yawe mbolea. Ninyi wazee mlikuwa na shimo la namna hiyo kando ya zizi, wala hamkufundishwa na mtu wa mjini.

Namaliza kwa jambo la chama chetu wenyewe. Mwaka jana, baada ya mkutano huu, tuliacha hapa uwanjani magunia matatu ya chupa za maji. Mlinzi alizichoma jioni ile. Niliuona moshi nikiwa kituoni nangoja gari. Naomba basi mkutano ukubali kwamba kuanzia leo maji yaletwe kwa mtungi na vikombe, na kwamba Kamati inunue mapipa mawili. Mtunza Hazina amekwisha kuniambia kwamba fedha ni chache. Pipa la kwanza nitalinunua mimi.

Bwana Mwenyekiti, naliweka shauri hili mbele ya mkutano.