Shamba Katikati ya Mji

Wasikilizaji wetu, watu wengi hudhani ya kuwa mji ni mahali pa kununua chakula, na shamba ni mahali pa kukilima. Leo twataka kuwaeleza habari za mji mmoja wa Marekani uliopata kujua kwamba sivyo. Nao ni Detroit, katika jimbo la Michigan.

Mji huo ulisifika ulimwenguni kwa kazi ya kuunda motokaa. Mwaka 1950 wenyeji wake walikuwa watu 1,850,000 hivi. Baadaye viwanda vingi vikafungwa au kuhamishwa, na watu wakahama. Hesabu ya mwaka 2020 ilikuta watu 639,000 hivi tu. Nyumba nyingi zilibaki tupu, zikabomolewa, na mahali pake pakaota majani. Maduka nayo yaliwafuata wenye fedha, hata katika mitaa mingi ikawa taabu kupata mboga mbichi.

Lakini kulima mjini si jambo jipya huko. Mwaka 1893 ilitokea dhiki kubwa ya fedha katika Marekani, na watu wengi sana wakakosa kazi. Mwaka uliofuata Meya wa Detroit, Hazen Pingree, aliwaomba wenye viwanja vitupu wawaazime maskini wapate kupanda viazi na maharagwe. Wako waliomcheka, lakini yeye alimtoa farasi wake mwenyewe auzwe mnadani, ili fedha za kazi hiyo zipatikane. Jamaa zaidi ya 900 walilima mwaka huo wakavuna, na miji mingine ikaiga. Walakini viwanja vile vilikuwa vya kuazima tu, na cha kuazima hurudi kwa mwenyewe.

Mfano wa siku zetu ni shamba liitwalo Earthworks. Mwaka 1929 watawa Wakapuchini wa Detroit walianzisha jiko la kuwapa wenye njaa mkate na supu. Mwaka 1997 mmoja wao, Bruda Rick Samyn, alianza bustani ndogo, ikakua hata kuwa shamba la ekari zaidi ya 2, na mboga zake hupelekwa katika jiko lile. Kazi ya hapo hutegemea sana watu wa kujitolea, wanaotoa nguvu zao pasipo ujira.

Wahenga walinena, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Neno hili si la ukali. Apewaye bakuli kila siku huona haya. Apewaye jembe huwa mwenyeji.

Kazi yenyewe yataka maarifa. Udongo wa mji wa zamani aghalabu huwa na sumu ya madini ya risasi, iliyotoka katika rangi za nyumba na moshi wa petroli ya zamani. Kwa hiyo yafaa udongo upimwe kwanza. Ukionekana mbaya, hutengenezwa matuta yaliyozungushiwa mbao, yakajazwa udongo safi na mboji, yaani majani na maganda yaliyolundikwa na kugeuzwa hata yakaoza. Na kwa kuwa majira ya baridi huleta theluji, hujengwa mabanda yenye matao yaliyofunikwa plastiki, ili mboga za majani zistahimili.

Shamba jingine ni D-Town, lenye ekari 7 katika bustani kubwa ya mji iitwayo Rouge Park. Hilo ni la chama kilichoundwa mwaka 2006 na watu weusi, ambao ndio wengi mjini humo. Na Malik Yakini alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Hao husema ya kuwa haifai watu wawe walaji tu, wasio na kauli katika chakula chao wenyewe.

Hapo ndipo penye fundo. Kiwanja kilichojaa takataka hakina mgombezi. Kikiisha kusafishwa na mtaa ukapendeza, bei hupanda na wanunuzi huja. Mwaka 2013 baraza la mji lilitunga sheria ya kukubali mashamba mjini. Ni jambo jema. Lakini ruhusa ya kulima si hati ya kumiliki, na jasho la watu wa kujitolea laweza kumtajirisha mwingine.

Basi, ninyi mnaokusudia kulima pamoja kiwanja cha shule au cha mtaa, kabla ya kushika jembe jiulizeni maneno matatu. Udongo huu ni salama? Shauku ya siku ya kwanza ikiisha kupoa, nani atamwagilia maji? Na ardhi hii ni ya nani, kwa maandishi yapi? Yakijibiwa hayo matatu, pandeni. Kwaherini.